Ushauri: Boti ndogo, samoni na saa ya maji

*Mimi mzaliwa wa Msambweni, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa Kent, jimbo la Washington. Mwaka jana nilinunua boti ya alumini ya futi 14 yenye injini ya nguvu farasi 9.9. Nimevua tangu utotoni katika ngalawa ya babu, kwa hivyo bahari sikuiogopa. Jumamosi moja ya Agosti nilikwenda Point Defiance, Tacoma, pamoja na mke wangu na mwanetu wa miaka tisa. Boti zilijaa hata maji hayaonekani. Mshipi wangu ulinasana na ya wenzangu mara mbili, nikafokewa. Kisha boti kubwa ikapita mbio, wimbi lake likaingia ndani, mtoto akalia. Mama watoto amesema kijana hapandi tena. Samoni sikumpata hata mmoja. Je, kuna mahali patulivu na salama kwa mtu wa chombo kidogo, au niuze boti? – Mvuvi wa Kent*

Mwanangu, boti usiuze. Na mama watoto umwambie kwamba mimi niko upande wake, na nitakueleza kwa nini kabla sijakutajia mahali popote.

Wewe na mimi tumelelewa na maji ya uvuguvugu. Mtu akianguka Msambweni hucheka, akaogelea, akashika mrengu wa ngalawa akapanda. Maji ya Puget Sound, bahari hii ya huku, huwa kati ya nyuzi 7 na 13 za Selsiasi, kiangazi na kipupwe. Ukitumbukia humo, dakika ya kwanza pumzi inakukimbia, unavuta hewa bila kutaka, na ikiwa kichwa kiko chini ya maji unavuta maji. Ukiivuka hiyo, una kama dakika kumi ambazo vidole bado vinakutii. Baada ya hapo mikono inakufa ganzi, na ndani ya saa moja hivi akili nayo huzimika. Kujua kuogelea hakukusaidii katika ile dakika ya kwanza. Jaketi la kuelea ndilo linalosaidia, tena liwe limevaliwa na kufungwa. Nimeona wanaume wa kwetu wamelikalia kama mto. Kwa kijana wako hilo ni sheria ya jimbo: mtoto wa miaka 12 au chini yake, katika chombo kisichofika futi 19, lazima alivae chombo kinapokwenda. Wewe livae ili abaki na baba.

Sasa swali lako. Unaniuliza mahali, nami nakujibu kwanza saa, kwa kuwa Point Defiance uliyoiona Jumamosi ya Agosti si ile ya Jumanne alfajiri. Mahali ni pale pale, na samaki ni wale wale. Ukiweza kuomba siku moja ya kazi kwa mwezi, ukawa majini kabla jua halijachomoza na ukarudi gatini saa nne asubuhi, utakuwa umekwepa umati na pia ule upepo wa kaskazini ambao wakati wa kiangazi huamka mchana na kuchafua maji. Kumbuka pia kwamba samoni waridi huja kwa wingi Puget Sound miaka isiyogawanyika kwa mbili, na wavuvi huja nao. Miaka hiyo Agosti yake ni soko.

Saa nyingine ni ya maji yenyewe, na hapa mazoea ya kwetu yatakudanganya. Kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa vipimo vinavyokaribiana. Ukijua mwezi, umejua bamvua na maji mafu. Puget Sound nayo hujaa na kupwa mara mbili, lakini kupwa kumoja kunaweza kuwa kukubwa sana na kwingine kudogo. Kiangazi, kule kupwa kukubwa huangukia mchana. Kwa hiyo usiangalie mwezi tu. Chukua majedwali mawili, la kina cha maji na la mkondo, kwa sababu katika milango myembamba maji husimama kwa wakati tofauti na ule wa kujaa kabisa au kupwa kabisa. Chagua siku ambazo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mvuvi wa boti kubwa hupenda maji yanayokimbia. Wewe penda yanayotembea.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, mwezi wa Septemba, nilikuwa na mwenzangu katika Tacoma Narrows, pale chini ya madaraja. Mkondo wa mlango ule unaweza kufika noti tano. Maji yalikuwa yanajaa, maana yake yanakwenda kusini. Upepo wa kusini ukaamka ukayakabili. Muda si muda mawimbi yakasimama mafupi na ya wima, omo inazama katika hili kabla tezi haijatoka katika lile. Tulifua maji kwa upo na kwa kofia. Tuliponea nyuma ya rasi moja ndogo upande wa magharibi, mahali ambapo maji yalikuwa yamelala kana kwamba ni siku nyingine. Tulikaa hapo saa nzima tukitetemeka, na kwa kukosa la kufanya mwenzangu akashusha mshipi. Akampata samoni aina ya koho.

Rasi ile ndiyo jibu la barua yako. Mkondo ukipiga ncha ya nchi kavu, nyuma yake huacha kivuli, maji yanayozunguka na kurudi polepole. Heringi wadogo, ambao ndio dagaa wa huku, huchoka kupigana na mkondo na kukusanyika ukingoni mwa kivuli hicho. Samoni huwafuata. Kila rasi ina nyuso mbili: maji yakijaa kivuli kinakuwa upande huu, yakipwa kinahamia upande ule. Point Defiance ina sifa kwa sababu ni rasi kubwa na ina gati na maegesho ya magari karibu. Pwani hii imejaa rasi ndogo ambazo hazina sifa, na maji yake hufuata kanuni ile ile. Kwetu mwamba ndio unaotukinga na bahari kuu; huku hakuna mwamba wa namna hiyo, lakini visiwa vinafanya kazi yake. Tandaza ramani ya bahari mezani, tafuta rasi, angalia mkondo utatoka wapi, weka kidole upande wa pili.

Pa kuanzia nakutajia pawili.

Pa kwanza ni Colvos Passage, mlango mwembamba ulio magharibi ya kisiwa cha Vashon. Meli kubwa za kwenda Tacoma hupita East Passage, mashariki ya kisiwa, kwa hiyo Colvos huponi umati tu bali na mawimbi ya meli. Mlango huo una ajabu moja: maji yake karibu wakati wote huelekea kaskazini, yajae au yapwe. Faida yake ni kwamba unajua utapelekwa wapi. Hatari yake ni kwamba upepo wa kaskazini wa mchana huyakabili uso kwa uso, na umeshasikia yaliyonipata. Ingia alfajiri kutoka Gig Harbor, kaa karibu na ufuko, na upepo ukianza kukuna uso wa maji, kunja mishipi urudi. Usisubiri samaki mmoja zaidi. Ncha ya kaskazini kuna kivuko cha Southworth na Vashon. Hakuna haja ya kufika huko.

Pa pili ni kusini ya Narrows, kile ambacho idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo hukiita Eneo la 13. Ni hori ndefu nyembamba kama vidole, na upepo hauna uwanja mpana wa kujengea mawimbi. Samaki si wengi kama Tacoma, sitakudanganya, lakini samoni wa vitotoleshi, yaani walioanguliwa na watu, hurudi huko, wengine kuelekea Minter Creek, wengine kuelekea Olympia. Usipite Narrows kwa boti yako. Funga trela, fuata barabara kuu, ukashushe chombo Boston Harbor, kaskazini ya Olympia. Kuna pia Luhr Beach karibu na Nisqually, ila maji yakipwa hapo huacha tope tupu na boti yako itakaa juu yake mpaka yarudi.

Jefferson Head, Possession Bar na Midchannel Bank utasikia zikisifiwa sana gatini. Ziachie vyombo vikubwa.

Namna ya kuvua nayo inaleta utulivu. Wengi hurambaza kwa injini na mizigo mizito ya kushushia mishipi, na ndiyo maana mlinasana: wanaorambaza huenda wote upande mmoja kama msafara, na anayesimama au kukata njia anawakosea. Wewe zima injini. Tia chambo cha heringi aliyekatwa kichwa kwa mshazari ili azunguke majini, funga chubwi ya gramu 60 hivi, shusha wima, uachie maji yakuchukue pembeni mwa kivuli. Chinuki, yule samoni mkubwa, mtafute karibu na sakafu. Koho yuko juu zaidi. Nanga usitie penye mkondo, na kamwe usiifunge tezi. Mkondo utaivuta chini boti kwa dakika moja.

Ndoana ziwe hazina mwiba. Mtazame samaki akiwa bado majini: akiwa na lile pezi dogo la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia, huyo hakukatwa alama ya kitotoleshi, basi mchukulie kuwa wa asili. Chinuki wa asili wa Puget Sound wanalindwa na sheria ya shirikisho tangu 1999, wamepungua sana, na inaniuma kumwona mtu akimpandisha wa namna hiyo chomboni ili apigwe picha. Mfungue humo humo majini. Kanuni hubadilika kila mwaka, na hata katikati ya msimu, basi soma tangazo jioni ya kuamkia safari. Kijana hahitaji kulipia leseni mpaka afike miaka 15, ila kadi ya kuandikia samoni ana haja nayo.

Ukiona maboya yamepangwa mstari kuanzia ufukoni, ni nyavu za wenyeji: Wapuyallup, Wanisqually, Wasquaxin. Wazee wao walitia saini mkataba wa Medicine Creek mwaka 1854 wakiitoa nchi na kubakiza haki ya kuvua, na mwaka 1974 Jaji Boldt aliamua kwamba nusu ya samaki wa kuvuliwa ni yao. Gatini utasikia wakisemwa vibaya. Usiitikie. Zunguka mbali na nyavu zao kama ambavyo ungetaka mgeni azunguke jarife la babu yako.

Kabla ya kushusha boti, hakikisha una haya: redio ya mkononi ya bahari ikiwa kwenye chaneli 16, kisu kiunoni, upo, nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kama injini yako ina kamba ya kuizima, ivae. Tangu Aprili 2021 sheria ya shirikisho inaitaka boti inapokimbia. Kwa injini chini ya nguvu farasi 15 jimbo halikudai kadi ya mafunzo ya boti, lakini soma mafunzo hayo, tena msome pamoja na mama watoto. Mwandikie karatasi: umeshuka wapi, utakuwa rasi gani, saa ngapi apige simu kwa walinzi wa pwani asipokusikia. Wimbi la meli huchelewa, hufika meli ikiwa imekwisha kupita na wewe umesahau; ligeuzie omo kwa mshazari, kila mtu akae chini katikati.

Nenda mara tatu bila mtoto. Mara ya tatu mchukue mama watoto peke yake, siku ya maji madogo, na yeye ndiye aamue juu ya kijana. Na ukimpata samoni wa kwanza, niandikie alikuwa upande gani wa rasi, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa.