KALAFATI YA PAANI: Somo la Kubadilisha Tundu la Hewa la Gari-Nyumba

Najua wengi wenu mkiona kichwa hiki mtasema, "Huyu naye ameishiwa na mada!" Ngojeni kidogo. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuacha ufa kwa mikono yangu mwenyewe, na ukuta nilioujenga nitawaeleza mwishoni. Kwanza tusome.

Gari-nyumba ni gari lenye kitanda, jiko na sinki ndani yake. Wenyewe hulala humo humo safarini. Katika paa lake huwa kuna tundu la mraba lenye fremu na mfuniko wa plastiki unaofunguka kwa juu. Kazi yake ni kutoa joto na mvuke wa jikoni na kuingiza mwangaza. Bila tundu hilo, kulala ndani ya gari lile hapa Pwani ni sawa na kulala ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Likizo ya Aprili mwaka jana nilikuwa kwa mjomba wangu, ambaye ana gereji ndogo Ukunda. Siku moja waliingia wageni wawili, mzee na mkewe, kutoka Ujerumani. Walikuwa wakielekea Tanzania kupitia Lunga Lunga. Tawi la mwembe lilikuwa limeangukia paa lao, likapasua mfuniko na kuvunja pembe ya fremu. Mtu fulani njiani aliwasaidia kwa kupaka silikoni juu ya ufa. Ilipaka vizuri, ikang'aa, na maji yakaendelea kuingia kama kawaida!

Mjomba alipanda ngazi, akatazama, akacheka. "Hii imepakwa poda," alisema. "Haikutiwa kalafati."

Wanachama wenzangu, hapo ndipo nilipojifunza neno. Babu yetu alikuwa fundi wa majahazi huko Matondoni, kisiwani Lamu. Kukalafati ni kuziba nafasi zilizo kati ya mbao za chombo kwa pamba iliyotiwa mafuta, ikigongwagongwa mpaka ikaze. Baadaye chombo hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa, sehemu inayokaa majini. Basi mjomba alinieleza kwamba rangi ya nje haizuii maji. Kinachozuia maji ni kile kilichoingia katikati, mahali ambapo macho hayafiki. Paa la gari ni chombo kilichopinduliwa, tofauti ni kwamba maji yako juu badala ya chini.

Tundu jipya liliagizwa kutoka kwao likaja kwa ndege. Tulipokuwa tukilingoja tulifunika paa kwa turubai. Lilipofika, kazi ilienda hivi:

Hatua ya kwanza: jua kilichoharibika. Ikiwa ni mfuniko pekee uliopasuka, na fremu ni nzima, badilisha mfuniko tu. Usifumue fremu isiyo na kosa. Hii yetu ilikuwa imevunjika pembe, kwa hiyo ilibidi yote itoke.

Hatua ya pili: pima. Magari mengi ya Ulaya yana tundu la sentimita 40 kwa 40. Ya Marekani kwa kawaida ni inchi 14 kwa 14, yaani kama sentimita 35 na nusu. Ukikosea hapo, tundu jipya litakuwa pambo la nyumbani. Pima pia unene wa paa, kwa sababu skrubu ndefu kupita kiasi hazikazi, na fupi hazifiki.

Hatua ya tatu: jihadhari na paa. Paa hilo si zege, bana. Ni faiba au bati jembamba juu, povu katikati na plaiwudi chini. Ukisimama kwa kisigino utatoboa tundu la pili. Sisi tuliweka ubao mpana, tukapiga magoti juu yake. Kama tundu lina feni au taa, tenganisha umeme kwanza.

Hatua ya nne: fumua. Matundu ya aina ile yana fremu mbili, moja juu na nyingine ndani, ambazo hulibana paa katikati. Skrubu zake hufunguliwa kutoka ndani. Ya Kimarekani mara nyingi hufungwa kwa skrubu kutoka juu ya paa, na hufichwa chini ya gundi. Baada ya kutoa skrubu, fremu ya juu bado ilikuwa imeshikwa na gundi ya zamani. Nilitaka kuing'oa kwa patasi. Mjomba akanishika mkono, akatoa mshipi wa kuvulia samaki, tukaupitisha chini ya fremu na kuuvuta huku na huku kama msumeno. Ikaachia taratibu, na paa halikupata hata mkwaruzo.

Hatua ya tano: safisha mpaka useme basi. Gundi kuukuu hukwanguliwa kwa bapa la mbao au plastiki, si kwa chuma. Silikoni ndiyo iliyotutesa zaidi, kwa maana karibu hakuna kitu kinachoshika juu yake. Ikibaki hata utando mwembamba, gundi mpya itababuka. Mwisho pangusa paa kwa kitambaa chenye spiriti, uliache likauke. Lakini sikiliza: spiriti na petroli visiguse mfuniko wa plastiki. Huufanya uingie nyufa nyembamba kama nywele. Mfuniko unaoshwa kwa sabuni ya kawaida na maji.

Hatua ya sita: kagua mbao. Bonyeza plaiwudi iliyo kando ya tundu kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye keki, imeoza. Kata sehemu hiyo, kausha, weka mbao mpya. Kuziba juu ya mbao mbovu ni kufungia ugonjwa ndani. Yetu ilikuwa imelowa upande mmoja lakini haijaoza, tukaianika siku mbili.

Hatua ya saba: tia kalafati. Hapa hutumika utepe wa biutili. Huo ni mpira laini unaonata kama chingamu na usiokauka ukawa mgumu. Hubandikwa chini ya fremu ya juu, pande zote nne bila kukatika. Ncha zikutane na kupishana kidogo. Pembe ndizo adui; hapo bonyeza kwa kidole mara mbili. Halafu weka fremu mahali pake, bawaba zikiwa upande wa mbele wa gari. Ukiziweka nyuma, siku utakaposahau kufunga upepo wa barabarani utaungoa mfuniko.

Hatua ya nane: kaza kwa zamu. Kaza skrubu moja kidogo, nenda kwa ile inayoikabili, kisha nyingine, mpaka utepe uchungulie kidogo pande zote. Usikaze kwa hasira, plastiki itapasuka. Kisha ukingo wa nje upakwe gundi ya kuziba inayofaa paa. Hiyo ndiyo deheni yetu.

Hatua ya tisa: jaribu kwa maji. Mwagilia paa kwa bomba, ukianza chini ya fremu na kupanda juu, kwa muda wa robo saa hivi, ukipita kila pembe. Mwenzako awe ndani na tochi, akipapasa ukingo wa fremu kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, fumua.

Sasa nirudi kwenye ule ukuta. Kazi ya utepe niliachiwa mimi, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba. Ilikuwa jioni ya Jumamosi na kulikuwa na mechi kwenye runinga ya kibanda cha jirani. Nilifika pembe ya nne, nikaona utepe umepungua kama upana wa kidole. Mwingine ulikuwa dukani, mwendo wa dakika kumi. Nikasema moyoni, "Ah, nafasi ndogo kama hii, gundi ya juu itafunika." Tukakaza, tukapaka. Adhana ya Magharibi ikalia. Mjomba akienda msikitini akaniambia, "Mwanangu, usisahau maji." Nilipanda na ndoo moja, nikaimwaga katikati ya mfuniko, nikashuka.

Aliporudi aliuliza, "Umejaribu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Pembe zote?"

"Zote."

Usiku huo mvua ya masika ilinyesha kama iliyotumwa. Asubuhi yule mama alikuja gerejini akiwa na godoro mkononi. Hakugombeza mtu. Alilisimamisha ukutani, nalo likaanza kudondoka maji sakafuni. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata saa kumi na mbili.

Mjomba alifumua kazi yote. Alipofika pembe ya nne alinyamaza, akaweka kidole chake pale penye pengo. Kilienea sawasawa. Nikakiri kila kitu, utepe na ndoo pia. Hakunipiga. Alisema tu, "Maji hayahesabu pembe ulizoziba. Yanatafuta ile moja." Kisha akanituma dukani nikanunue utepe.

Kazi ya pili tuliifanya pamoja, nami nilikaa ndani na tochi mpaka shingo ikauma. Karatasi ilitoka kavu. Wageni wale walitaka kulipa, lakini mjomba alikataa ujira wa siku zote, na godoro akalinunua yeye. Pesa zile ndizo zilizokuwa ziongeze karo yangu ya muhula wa pili.

Mtakumbuka kuwa nilirudi shuleni wiki moja baada yenu, nikawaambia ni malaria. Haikuwa malaria.

Basi, msomaji, nimekuachia hatua tisa, na ukipenda uzitumie hata kwenye paa la matatu au la jiko la mama, maana maji ni yale yale. Kabla sijaweka kalamu chini, jaribu maswali haya:

1. Eleza tofauti kati ya kukalafati na kupaka deheni.
2. Kwa nini silikoni iondolewe yote kabla ya kuweka utepe mpya?
3. Bawaba za mfuniko ziwe upande gani, na kwa nini?
4. Tunga sentensi moja ukitumia methali "Njia ya mwongo ni fupi." Usitumie jina langu.