Sungura Wawili, Uamuzi Mmoja
Kijitabu cha elimu kwa familia za Machakos

Wengi wetu tunamjua sungura wa kibandani: analishwa, anazaa, anauzwa au kuchinjwa, na siku hizi hata mkojo wake unakingwa ukanyunyiziwe mboga. Kijitabu hiki kinamhusu sungura anayechukuliwa kutoka makao ya wanyama aishi nawe hadi uzee. Akitunzwa vyema huishi miaka 8 hadi 12.

Shirika la kutunza wanyama la KSPCA, lililoanzishwa mwaka 1910, lina makao yake Karen, Nairobi. Linajulikana zaidi kwa mbwa, paka na punda, kwa hiyo piga simu kwanza kuuliza kama lina sungura.

Kwa nini wawili

Sungura waliozoeana hulala wamegusana, hulambana uso na masikio, hula pamoja. Ukiwatenganisha, anayebaki anaweza kususia chakula, na sungura asiyekula yuko hatarini. Wapo wanaosema, “Tumchukue mmoja kwanza, tuone.” Tunawasihi wasifanye hivyo. Kumletea mwenzake mgeni baadaye ni kazi ngumu, maana sungura wasiojuana hupigana hadi kujeruhiana vibaya.

Uliza kama wote wawili wamehasiwa, wala usitosheke na kauli kwamba “wote ni majike”, kwa kuwa sungura wachanga ni rahisi kukosewa jinsia. Mimba huchukua takriban siku 31, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, hivyo subiri wiki 6 kabla ya kumweka na jike asiyehasiwa. Jike naye ahasiwe, kwani asipohasiwa hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi huongezeka kadiri anavyozeeka.

Jua la Machakos

Hapa ndipo sungura wengi wanapopotezwa bure. Sungura hapoi kwa jasho kama sisi. Joto la mwili wake hutoka zaidi kupitia masikio. Joto la hewa likipita nyuzi 30 anataabika. Mwezi wa Februari na Machi, hasa pande za Athi River na Mlolongo, kibanda cha bati kilicho juani huwa tanuri. Kiweke chini ya mwembe au kiezeke nyasi juu ya bati. Maji yasikauke. Ukimkuta anahema kwa kasi huku amejinyoosha, mpeleke kivulini, mloweshe masikio kwa maji ya kawaida, kisha umwite daktari wa mifugo. Usiku walale ndani ya nyumba. Ikishindikana, miguu ya kibanda isimame ndani ya mikebe yenye oili chafu kuzuia siafu, na waya uwe imara dhidi ya mbwa na paka.

Nyasi kwanza

Meno ya sungura hayaachi kukua. Nyasi ndizo zinazoyasaga. Sehemu kubwa ya chakula iwe nyasi kavu, kama Boma Rhodes. Nunua marobota mapema baada ya mvua, kabla ya kiangazi kupandisha bei. Ongeza majani ya viazi vitamu na sukuma wiki kidogo, visivyo na dawa ya wadudu. Karoti ni ya kuonja tu. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mbatata ni sumu. Ukimwona akila kinyesi chake laini usishtuke: ndivyo anavyopata virutubishi vilivyobaki.

Akiugua

Asipokula wala kutoa kinyesi kwa nusu siku, usingoje kesho. Mkumbushe daktari kwamba amoksilini ya kumeza inaweza kumuua sungura, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili vilevile. Wabebe wote wawili katika kasha moja, hata kama mgonjwa ni mmoja. Akienda peke yake atarudi na harufu ngeni, na mwenzake anaweza kumshambulia.