Kausha Mahindi Kabla ya Kuyaweka Ghalani

Ndugu mkulima, umelima, umepalilia, na sasa umevuna. Lakini kazi haijaisha. Mahindi uliyovuna bado yana maji ndani yake. Ukiyaweka ghalani hivyo, yatapata joto na kuota kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu.

Sumukuvu haionekani kwa macho. Haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kati yao, watu 125 walikufa. Mahindi mengi waliyokula waliyalima wenyewe, wakayaweka nyumbani yakiwa na unyevu.

Sasa tulinganishe njia tatu za kukausha.

1. Kuanika juu ya udongo

Njia hii haina gharama. Lakini udongo una unyevu, na kuvu hukaa humo. Kuku na mbuzi hula mahindi na kuyachafua. Mvua ikija ghafla, huwezi kuyaokoa yote. Tuiache njia hii.

2. Kuanika juu ya turubai

Turubai linanunuliwa kwa fedha. Unaweza kushirikiana na jirani yako. Tandaza punje, unene usizidi vidole viwili. Zigeuze mara kwa mara ili zikauke sawasawa. Mvua ikija, kunja turubai uingize mahindi ndani haraka. Jioni fanya hivyo hivyo, maana umande hurudisha unyevu.

3. Kuanika juu ya kichanja

Kichanja hujengwa kwa miti na fito. Kiinue kiasi cha meta moja kutoka chini, na ukiezeke paa. Menya mahindi, uyaweke kichanjani yakiwa bado kwenye magunzi. Upepo utapita juu na chini. Funga bati kwenye miguu ya kichanja ili panya wasipande. Njia hii ni ya polepole, lakini inafaa sana mvua zinapoendelea wakati wa mavuno.

Ni njia ipi bora? Tumia zote mbili, kichanja na turubai. Anza na kichanja. Kisha pukuchua, umalizie kwenye turubai.

Pima kwa chumvi

Wengi wetu hung'ata punje kujua kama imekauka. Meno hudanganya. Fanya hivi:

Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu. Funga, utikise kwa dakika chache. Kisha iache itulie kwa dakika 15.

Tazama. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Anika tena. Chumvi isipoganda, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100. Anika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu mahindi ya kuweka kwenye magunia yanatakiwa yawe na unyevu wa sehemu 13 tu.

Mahindi yaliyoota kuvu usile. Usiwape kuku wala usipikie pombe. Ni afadhali kupoteza debe moja kuliko kumpoteza mtoto.

Maswali

1. Kwa nini kupika hakutoshi kuondoa hatari ya sumukuvu?
2. Kichanja kinashinda udongo kwa mambo gani?
3. Wewe hukausha mahindi kwa njia gani? Utabadilisha nini msimu ujao? Jadilianeni darasani.