Kamioni ya koperative inapogonga «ko!» upande wa nyuma



Mara nyingi tunazungumza na ninyi juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Safari hii tunaingia chini ya kamioni. Sisi ni wa-agronome, si mafundi wa garaji. Lakini mpunga unaobaki njiani unatuhusu, na haya tuliyajifunza kwa mafundi, tukiwa tumelala nao kwenye matope.

Koperative moja ya bonde la Ruzizi ilikuwa inapandisha mpunga Bukavu kwa barabara ya Ngomo. Kila shofere alipoachilia ambreyaji, nyuma inagonga «ko!» Yeye akasema: «Iko inapiga kidogo tu, haina mambo.» Fundi akasikiliza dakika mbili, akasema ponti imekufa, mununue ingine ya okazio. Pesa ya mbegu ikatoka kwenye kesi. Ponti ikabadilishwa, kamioni ikawashwa: «ko!» Ilikuwa kruaziyo, kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono. Sisi pia tulikuwa pale wakati fundi anatoa hukumu yake, na hatukuuliza kitu.

Nguvu ya motere inatoka kwenye bwati ya viteseni, inapita katika chuma kirefu kinachozunguka, ndiyo transimisio, mpaka kwenye ponti ya nyuma. Kwenye viungo vya transimisio kuna kruaziyo: msalaba wa chuma wenye mikono 4, kila mkono umevaa kofia yenye sindano ndogo ndani. Sindano zikikosa grisi zinakauka, zinashika kutu, zinakula chuma. Hapo nafasi inazaliwa, na nafasi ndiyo inayopiga kelele.

Kabla ya kuuliza «ni nini?», muulize shofere «ni wakati gani?». Ikigonga mara moja tu wakati wa kuondoka, au kutoka mbele kwenda mariyere, mushuku kwanza kruaziyo, bulo za transimisio zilizolegea, na bridi zinazofunga ponti kwenye risori. Ikigonga kwenye mashimo hata bila kukanyaga mafuta, muangalie risori: pengine lame moja imevunjika. Ikilia wakati wa kukata kona tu, shida inaweza kuwa ndani ya diferansieli. Mlio mrefu unaobadilika ukikanyaga na ukiachilia mafuta unaelekea kwenye meno na rulima za ponti. Na gari likitetemeka kwenye mwendo fulani, transimisio imepinda, ao rulima ya katikati imelegea katika mpira wake.

Kisha muingie chini. Kamioni iwe tupu, mahali pa sawa, motere imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa yule anayelala chini, si mwa mwingine. Muweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Hapa tunasisitiza: kwenye kamioni nyingi freni ya mkono inakamata transimisio, haikamate magurudumu. Ukiifungua ili kupima, mawe peke yake ndiyo yanakulinda.

Shika upande mmoja wa kruaziyo kwa mkono huu, upande wa pili kwa mkono ule, uvisokote kinyume. Kruaziyo nzima haina nafasi hata kidogo. Ukisikia inacheza, ao ukiona unga mwekundu wa kutu karibu na kofia, imekwisha, grisi haitaiponya. Sasa weka bwati katika nyutro, zungusha transimisio yote kushoto na kuume. Mchezo kidogo mbele ya ponti ni kawaida, kwa sababu meno yanahitaji nafasi. Kama kruaziyo zote ni nzima lakini inazunguka sana kabla ya kukamata, hapo ndipo tunaanza kuzungumza juu ya ponti.

Hata hapo, mufungue kwanza bushoni ya kumwagia mafuta ya ponti. Matope laini ya kijivu kwenye sumaku yake ni kuchakaa kwa kila siku. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole ni meno ao rulima inavunjika: kamioni isipakie tena. Fundi anayewauzia ponti bila kuwaonyesha mafuta hayo, mumuombe awaonyeshe.

Grisi ya kruaziyo inapigwa mpaka ile ya zamani itoke kwenye kofia zote 4. Ikitoka kwenye 3 tu, ile ya nne inakufa kimya kimya. Baada ya kupita maji mengi, musingoje mwisho wa mwezi. Bridi zikishafungwa upya, zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Bulo ya transimisio haisudewi kamwe: inabadilishwa.

Siku ya kutoa transimisio, mupige alama kwa rangi kwenye vipande vinavyokutana, ili irudi vile ilikuwa. Ikirudi vibaya inaleta mtetemo. Na ikishatoka, freni ile ya mkono haishike tena kitu, wala kuacha kamioni katika vitesi hakusaidie. Mawe yabaki mahali pake mpaka bulo ya mwisho ikazwe, na watoto wawe mbali.