SOMO LA FAMILIA: KITABU CHA VITUO VYETU

Masomo: Hesabu 33:1-49, Yeremia 36



Mkisikia kwamba akina mama wa kikundi chetu wanafundisha kutulia, wengine mtacheka. Mkimbizi ana haraka gani? Tunakaa tu. Tunangoja mgao, tunangoja kuitwa jina, tunangoja habari kutoka ng'ambo ya ziwa. Lakini tumeona kwamba kungoja siyo kupumzika. Mtu anaweza kuketi kwenye foleni tangu asubuhi hata saa nane, na moyo wake ukawa unakimbia muda wote huo. Mikono iko bure, mawazo yako Pweto, yako Moba, yako kwa ndugu ambaye hajaonekana. Usiku usingizi hauji.

Kwa hiyo somo hili ni la mikono kwanza, halafu la kalamu.

Fungueni Hesabu sura ya 33. Wengi wetu huiruka kwa sababu ni majina ya mahali matupu. Lakini mstari wa 2 unasema Musa aliandika safari hizo kwa amri ya Bwana. Mungu aliona vema vituo vya watu waliokuwa njiani viandikwe. Tazameni jinsi alivyoandika. Elimu palikuwa na chemchemi 12 na mitende 70. Refidimu hapakuwa na maji. Mlima Hori alikufa Haruni, akiwa na miaka 123. Basi, anaendelea na kituo kingine. Ndama ya dhahabu haikutajwa kabisa, ingawa Sinai imo. Anayeandika hatakiwi kumaliza yote, wala hatakiwi kuandika jambo ambalo moyo bado haujaliweza.

Na sisi tuna vituo. Watoto waliovuka mgongoni mwaka 2017 kuingia Chiengi sasa wanasoma shule. Kenani wanaijua kwa kusikia. Wanauliza kijiji cha babu kinaitwaje, mto wake ni upi, na sisi wazazi tunaanza kubishana. Wako kati yetu ambao miaka ya 2000 walikaa Kala au Mwange, wakarudi nyumbani, wakakimbia tena, wakafika hapa Mantapala baada ya kufunguliwa mwaka 2018. Vituo hivyo vyote viko kichwani mwa mtu mmoja. Tumekwisha kumzika mzee aliyejua majina ya mababu watano na mpaka wa shamba lao. Hakuna aliyekuwa ameandika.

Daftari la dukani ni kwacha chache, lakini kwacha hizo ni chumvi na sabuni. Tutashona letu. Kusanyeni karatasi zilizobaki nyeupe katika kaye za watoto za mwaka uliopita, na zile zilizoandikwa upande mmoja tu. Msikate karatasi za Biblia, wala karatasi yoyote ya uandikishaji au ya mgao, hata ikiwa imechakaa. Jalada litoke kwenye mfuko wa saruji: ukung'uteni nje, upepo ukiwa nyuma yenu, kisha chukueni karatasi ya ndani iliyo safi.

Karatasi tano zikikunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 20. Usizidishe sana, kitabu kitakataa kufunga. Kwa msumari toboa matundu matatu kwenye mkunjo: la katikati, la juu, la chini. Uzi wa nyavu ni bora kuliko wa nguo, na wavuvi wa Kashikishi hutupa vipande vyake. Anza ndani kwenye tundu la katikati, toka nje. Ingia tundu la juu. Ndani, pita moja kwa moja hadi tundu la chini, ukiruka lile la katikati, toka nje. Rudi ndani kwa tundu la katikati, ukivuta taratibu. Hapo una ncha mbili. Zifunge juu ya ule uzi mrefu. Anayevuta kwa nguvu anachana karatasi na kuanza upya. Tumeanza upya mara nyingi!

Gundi ni unga wa mihogo, vijiko viwili katika kikombe cha maji baridi, ukoroge, ubandike motoni mpaka ing'ae. Paka nyembamba na kausha vizuri. Kitabu chetu cha kwanza tulikipaka gundi nyingi kama ugali, panya wakakila jalada lote. Sasa tunatundika darini ndani ya mfuko wa plastiki.

Kisha Jumapili jioni, kabla ya giza, redio izimwe. Mama au baba asimulie kituo kimoja tu, na mtoto anayejua kuandika aandike: jina la mahali, mwaka, tulilala wapi, nani alitupa maji, nani alizaliwa au kufa hapo. Mistari minne inatosha. Asiyejua kusoma achore. Akianza kulia, ngojeni, ombeni, mfunge kitabu hadi wiki ijayo. Majina ya waliotutenda mabaya tunashauri yasiandikwe humo. Kitabu kinaweza kuanguka mikononi mwa mtu yeyote.

Wengine wanasema, vyetu vilichomwa pamoja na nyumba, tuandike tena vya nini? Someni Yeremia 36. Baruku aliandika gombo zima kutoka kinywani mwa Yeremia. Mfalme Yehoyakimu alilikata kwa kisu na kulitupa motoni, kipande baada ya kipande, mpaka likaisha. Yeremia akachukua gombo jingine, Baruku akaketi akaandika yote tena, na mengine yakaongezwa.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:

Kwa nini Musa alitaja maji ya Elimu pamoja na kiu ya Refidimu? Elimu yetu ilikuwa wapi? Ni nani katika ukoo anayejua jambo ambalo mwingine hajui, na tutamfikiaje mapema?

Wenye sindano kubwa wazilete Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Misumari tunayo.