Wakili Atafutwe Kabla ya Kukiri, Si Baada ya Hukumu

Katika mitaa yetu kijana akikamatwa, wa kwanza kutafutwa ni mtu "anayefahamiana" na askari wa kituoni. Michango itapitishwa, na kijana ataambiwa: "Wewe kubali tu, utalipa faini urudi nyumbani." Wakili hukumbukwa baadaye, hukumu ikiwa imeshasomwa. Utaratibu huu unawaponza vijana wetu, hasa madereva.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Dereva aliyezidisha mwendo au kupita taa nyekundu huandikiwa na trafiki faini ya papo kwa papo. Kulipa ni kukiri kosa. Lakini sheria haimlazimishi kukiri. Akiona ameonewa, anayo haki ya kukataa na kwenda kujibu mahakamani. Katika jambo kama hili gharama ya wakili yaweza kuizidi faini yenyewe, na wengi hawamhitaji.

Ajali iliyoua mtu ni habari nyingine kabisa. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela na kumnyang'anya leseni. Hapa "kubali yaishe" haifai hata kidogo. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kukata rufaa kupinga hatia. Anachoweza kupinga ni adhabu tu, isipokuwa athibitishe kuwa kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro kisheria, jambo ambalo si jepesi.

Sheria hiyo hiyo inampa mtuhumiwa haki tangu akiwa kituoni: kuelezwa kosa lake, kutolazimishwa kujibu maswali, na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo ya onyo anayoyasaini pale kituoni yaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Ndiyo maana siku ya kwanza ina uzito kuliko siku ya hukumu.

Wapo wanaosema kuwa kumweka wakili ni kununua uongo. Hapana. Neno wakili si geni kwetu; katika fiqhi, wakala ni kumkabidhi mwingine jambo alitekeleze kwa niaba yako, na wanazuoni wameujadili uwakala katika kesi pia. Wakili haruhusiwi kuidanganya mahakama. Kazi yake ni kuhoji: je, ramani ya ajali inalingana na eneo? Je, gari lilikaguliwa? Je, hati ya mashtaka imetaja kifungu sahihi? Hata mwenye kosa anahitaji mtu wa kuieleza mahakama sababu za kumpunguzia adhabu. Na familia ya marehemu haipati haki yoyote ikiwa aliyefungwa siye aliyesababisha ajali.

Kwa nini wakili wa karibu? Kwa kawaida kesi husikilizwa kosa lilikotendeka. Dereva wa Tanga aliyepata ajali Morogoro atajibu mashtaka Morogoro. Kesi zikiahirishwa mara kwa mara, wakili anayetoka mbali hulipwa nauli na malazi kila tarehe. Wa karibu atafika kituoni siku hiyo hiyo kushughulikia dhamana, na anaweza kwenda kuliona eneo la ajali mwenyewe.

Kabla ya kulipa, zingatia haya:

Moja, hakikisha ni wakili kweli. Jina lake liwemo katika orodha ya mawakili, na leseni yake iwe hai kwa mwaka husika. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unasaidia kuhakiki, na vishoka kwenye malango ya mahakama hawajaisha.

Mbili, mkubaliane kwa maandishi: je, malipo ni ya dhamana tu, au mpaka hukumu? Rufaa imo? Daini risiti.

Tatu, mkimbie anayesema "hakimu ni mtu wangu." Hiyo ni rushwa, nayo ni haramu na ni jinai, wewe mtoaji ukiwemo.

Asiye na uwezo naye asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada wa bure. Wasaidizi wa kisheria watamshauri na kumwelekeza, ingawa hawasimami mahakamani kama mawakili. Katika kesi za mauaji, mshtakiwa asiyejiweza huwekewa wakili kwa gharama za Serikali.

Ushauri wangu kwa wazee wa mitaa, viongozi wa misikiti na vyama vya madereva: mtafuteni mapema wakili mmoja anayeaminika katika wilaya yenu, namba yake muwe nayo, na kila dereva aijue kabla hajawasha gari.