Kibali cha Mazingira kwa Ujenzi wa Bandari: Somo Linaloihusu Tunduma

Mji wa Tunduma uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, zaidi ya kilometa 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mwanafunzi wa huko aweza kumaliza masomo yake ya sekondari asione meli hata moja. Hata hivyo, kila siku aendapo shuleni hupishana na mizigo ya bandari: mafuta, mbolea, mitambo na salfa ziendazo Zambia na Kongo, na shaba inayoteremshwa pwani ili ipakiwe melini. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, nayo hupita hapo hapo. Kwa hiyo Bandari ya Dar es Salaam haiishii kwenye kuta za gati zake. Mkia wake umefika Mkoa wa Songwe.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mradi wa bandari unavyopimwa kabla ya kupewa kibali cha mazingira, sayansi inayotumika katika kupima huko, na swali moja ambalo aghalabu husahauliwa: kipimo hicho kianzie wapi na kiishie wapi?

Maana na asili ya tathmini

Tathmini ya athari kwa mazingira ni uchunguzi unaofanywa kabla ya mradi kuanza, ili kutabiri mema na mabaya yatakayotokana nao, na kutafuta njia ya kuyazuia mabaya au kuyapunguza. Neno la kushikwa hapa ni "kabla". Daktari anayempima mgonjwa baada ya kumpasua hapimi tena. Anaandika tu historia.

Utaratibu huu haukuanza zamani sana. Marekani iliuweka katika sheria iliyoanza kutumika Januari 1970. Mwaka 1992, Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Rio de Janeiro uliutaja miongoni mwa kanuni zake, na tangu hapo nchi nyingi zimeufuata. Nchini Tanzania, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo iliyoifanya tathmini kuwa sharti: mradi unaotajwa na sheria hauwezi kuanza wala kugharamiwa kabla ya tathmini kufanyika. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2005, na marekebisho ya mwaka 2018 yaliigawa miradi katika makundi kwa kadiri ya uzito wa athari zake. Bandari kubwa haiwezi kukwepa uchunguzi kamili.

Hatua za kupata kibali

Hatua ya kwanza ni kusajili mradi. Mwenye mradi hueleza kwa ufupi anachotaka kujenga, mahali na ukubwa wake, na wataalamu huamua kama mradi huo unahitaji tathmini kamili. Huu ni uchujaji.

Hatua ya pili ni kubainisha mawanda, yaani kuamua ni mambo gani yatakayochunguzwa, katika eneo gani, na watu gani watakaoulizwa. Matokeo yake ni hadidu za rejea za uchunguzi. Hatua hii huonekana ndogo, kumbe ndiyo inayoamua mengi: jambo lisiloingizwa katika mawanda halitapimwa, na lisilopimwa halitawekewa sharti.

Hatua ya tatu ni uchunguzi wenyewe. Hufanywa na wataalamu waliosajiliwa, kwa gharama ya mwenye mradi. Kwanza hupimwa hali ilivyo kabla ya ujenzi: kina cha maji, mikondo, samaki, mikoko, matumbawe, hewa, kelele, na maisha ya watu. Bila vipimo hivyo vya awali, hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba kitu fulani kimepungua.

Hatua ya nne ni taarifa ya athari. Taarifa hii lazima ieleze pia njia mbadala, pamoja na ile ya kutojenga kabisa, na iwe na mpango wa kusimamia mazingira wakati wa ujenzi na baada yake.

Hatua ya tano ni mapitio. Kwa kuwa wataalamu hulipwa na mwenye mradi, pana hatari ya mlipaji kupendelewa. Ndiyo sababu taarifa husomwa upya na kamati ya wataalamu wengine, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni, na mkutano wa hadhara huweza kuitishwa.

Hatua ya sita ni uamuzi. Sheria ya mwaka 2004 ilimpa Waziri anayehusika na mazingira mamlaka ya kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa. Anayekubaliwa hupewa cheti. Hata hivyo cheti si mwisho wa safari, kwani hufuatwa na ufuatiliaji na ukaguzi. Sheria hiyo hiyo iliweka baraza la rufaa kwa asiyeridhika.

Tope baharini: somo la fizikia

Kazi kubwa katika upanuzi wa bandari ni kuchimba sakafu ya bahari ili meli kubwa ziweze kuingia. Kazi ya namna hiyo ilifanyika Dar es Salaam katika mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, uliohusu gati namba 1 hadi 7 pamoja na kuongeza kina cha maji. Uchimbaji huvuruga mashapo, na mashapo yaliyovurugwa huzuia mwanga usizifikie nyasi za bahari, na huyafunika matumbawe.

Je, tope hilo huenda umbali gani? Mwaka 1851 mwanafizikia George Stokes alionyesha kwamba chembe ndogo inayozama polepole katika kimiminika huwa na mwendo unaolingana na kipeo cha pili cha kipenyo chake. Kipenyo kikipungua mara 10, mwendo hupungua mara 100. Punje ya mchanga yenye kipenyo cha milimeta 0.2 huzama kwa takriban sentimeta 2 kwa sekunde; katika maji ya kina cha meta 10 hufika chini kwa dakika 8 hivi. Chembe ya tope ya milimeta 0.02 huzama takriban milimeta 0.35 kwa sekunde, nayo huhitaji kama saa 8. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimeta 0.002 ingehitaji zaidi ya mwezi mzima, kama maji yangetulia tu na chembe zisishikamane.

Sasa tuseme mkondo wa maji una mwendo wa meta 0.25 kwa sekunde na unaelekea upande mmoja. Katika saa 8 chembe ya pili itakuwa imesafirishwa kilometa 7.2. Kwa hiyo mvuvi aliye mbali na mtambo wa kuchimbia, asiyeusikia hata mlio wake, huenda akapoteza mavuvi yake. Hesabu hii rahisi inaonyesha kwamba eneo la mradi na eneo la athari ni vitu viwili tofauti.

Mfano wa Lamu

Jambo hilo lilijitokeza kaskazini mwa pwani yetu ya Waswahili. Machi 2012 ulizinduliwa ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, nchini Kenya, ikiwa ni sehemu ya mpango mkubwa wa usafiri wa kuziunganisha Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia. Wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani. Hawakupinga bandari kwa sababu ya kuchukia maendeleo. Walidai kwamba mikoko, mavuvi na urithi wa mji wao wa kale, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, havikuzingatiwa inavyopasa, na kwamba wao wenyewe hawakushirikishwa ipasavyo.

Aprili 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikubaliana nao katika mambo mengi. Iliona kasoro katika ushirikishwaji wa wananchi, na pia katika kutotanguliza tathmini ya kimkakati, ile inayoutazama mpango mzima badala ya kipande kimoja. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Bandari ilijengwa, lakini gharama ya kupuuza hatua za mwanzo ilidhihirika: kilichoweza kuzungumzwa mkekani kiliishia kwa mawakili.

Foleni ya malori: somo la hesabu

Turudi Tunduma. Upanuzi wa bandari una shabaha moja kuu, nayo ni kuongeza mizigo. Tuchukue mfano wa darasani: bandari imepanuliwa, na tani 1,000,000 za ziada kwa mwaka zinapitia Tunduma kwa barabara. Kama lori moja huchukua tani 28, zitahitajika safari zipatazo 35,700 kwa mwaka, yaani malori 98 kwa siku.

Idadi ya malori yanayosimama mpakani hupatikana kwa kuzidisha malori yanayofika kwa siku na siku ambazo kila lori hungoja. Likingoja siku 1, yatakuwapo malori 98. Na kama kila lori lachukua meta 20 za barabara, foleni itakuwa na urefu wa kilometa 2 hivi. Likingoja siku 3, foleni itakaribia kilometa 6. Kama kila lori, lisogeapo na kusimama, huunguza lita 2 za dizeli kwa saa kwa muda wa saa 3, malori 98 yataunguza lita 588. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilogramu 2.7 za hewa ukaa. Jumla ni zaidi ya tani 1.5 kila siku, mbali na masizi yanayovutwa na mama lishe, utingo, na watoto wa shule za kando ya barabara.

Hesabu hii inafundisha jambo jingine. Mizigo ikiongezeka maradufu, lakini muda wa kungoja ukipunguzwa kwa nusu, foleni haitaongezeka. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa na marais wa nchi hizi mbili Oktoba 2019, kilikusudiwa kumwezesha msafiri kukaguliwa mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili. Hiyo ni hatua ya biashara, lakini pia ni hatua ya mazingira.

Salfa na maji ya Rukwa: somo la kemia

Salfa iendayo migodini haiyeyuki katika maji, na kwa hiyo huweza kudhaniwa kuwa haina madhara ikimwagika. Lakini ikishika moto hutoa gesi ya dioksidi ya salfa, inayochoma macho na mapafu. Na ikiachwa udongoni, bakteria huigeuza polepole kuwa asidi ya salfuriki. Mafuta yakimwagika nayo hufuata mitaro hadi vijitoni.

Hapa jiografia ya Mkoa wa Songwe inadai uangalifu wa pekee. Mto Momba na ule Mto Songwe uelekeao kaskazini-magharibi huingia Ziwa Rukwa, na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake huondoka hasa kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi chumvi wala metali. Kinachoingia humo kwa sehemu kubwa hubaki humo. Uchafu ambao kwingine ungepelekwa baharini, hapa hukaa na wavuvi wa ziwa.

Isitoshe, Tunduma na Nakonde ni miji iliyogusana. Moshi na maji havikaguliwi na forodha, ilhali sheria za mazingira za pande hizi ni mbili. Tathmini ya mradi wowote mkubwa wa mpakani inayochora mstari wake kwenye jiwe la mpaka imepima nusu tu ya ukweli.

Mstari uchorwe wapi?

Mwenye mradi anaweza kuuliza kwa haki: je, mjenzi wa gati ya Dar es Salaam atawajibika kwa kila lori hadi Kongo? Haiwezekani. Barabara, forodha na miji zina mamlaka zake. Jibu linapatikana katika kugawa kazi. Tathmini ya mradi mmoja hupima gati na maji yake. Tathmini ya kimkakati, ambayo imo pia katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2004, hupima sera na mipango, nayo ndiyo mahali pa kuuliza iwapo ushoroba mzima, kuanzia gati hadi mpakani, unaweza kubeba mizigo inayotarajiwa. Ni kiasi gani kihamishiwe relini. Malori yaegeshwe wapi. Na nani atalipia mitaro, vyoo na zahanati za njiani.

Swali hilo likiulizwa mapema, Tunduma itapata faida ya bandari pamoja na ulinzi wake. Lisipoulizwa, mji huo utalipia gharama ambazo hazikuandikwa katika taarifa yoyote.

Mazoezi

1. Hesabuni malori yanayopita karibu na shule yenu kwa saa moja, asubuhi na jioni, kwa siku tano, mkisimama mahali salama mbali na barabara. Chorani grafu. Vipimo hivyo ni vya hali ya awali, vihifadhini shuleni.

2. Chembe ya milimeta 0.04 ingehitaji muda gani kufika chini katika maji ya kina cha meta 10? Tumieni takwimu za makala haya.

3. Gawanyikeni makundi manne: mwenye mradi, wavuvi, madereva, na wakazi wa mpakani. Kila kundi liandike mambo matatu ambayo lingetaka yaingizwe katika hadidu za rejea, na litaje jinsi kila jambo litakavyopimwa.